Bustani ya darini Mkomani, Lamu: daftari la masika hadi vuli

Jumamosi, 5 Aprili

Idd imepita, wageni wamerudi kwao, na leo baada ya alasiri tumepanda darini wote sita kukata shauri. Tutalima hapa hapa juu. Nyumba ni ya mama yangu, na watoto wanamwita Nyanya. Kwa hiyo kwenye daftari hili nyanya ni mtu, na lile tunda jekundu ni tungule, kama tusemavyo Lamu siku zote. Wengine ni mimi, baba watoto, binti wa miaka 14, kijana wa miaka 11 na kitindamimba wa miaka 6.

Kilichotusukuma ni safari ya mboga. Karibu kila jani tunalokula linavuka maji. Linatoka mashamba ya bara, Mpeketoni au Hindi, linafika Mokowe kwa gari, linapanda boti, na likishuka gatini hapa mchicha umeshalegea shingo. Mvua ikiharibu barabara ya bara, au bahari ikichafuka, fungu linakuwa dogo na bei inapanda siku hiyo hiyo. Hatusemi kwamba tutaacha kununua. Tunataka jani la mchuzi wa kila siku lichumwe saa ile sufuria imeshatengwa jikoni.

Ardhi hatuna hata shibiri. Huku Mkomani ukuta wa jirani ndio ukuta wako, na vichochoro vimeachwa kwa kipimo cha punda na mzigo wake. Tuna dari tu, mita 6 kwa 4, tulikozoea kuanika nguo.

Jumatano, 9 Aprili

Kabla ya kupandisha hata ndoo moja tulimwita fundi wa nyumba za mawe, na ninamshukuru Mungu kwamba tulimwita. Dari za nyumba hizi ni boriti za mikoko zilizolazwa ukuta kwa ukuta, na juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Boriti ndiyo inayoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, upana haufiki mita 3. Dari hiyo imebeba uzito wake yenyewe miaka na miaka kabla sisi hatujaiongezea kitu.

Fundi hakupanda juu kwanza. Aliingia chumba cha ndani, akasimama juu ya kiti, akawa anagonga boriti moja moja kwa mpini wa kisu. Zilizo nzima zililia kavu: ko, ko. Ya saba ikatoa sauti nzito, kama mtu anayegonga kifua chake. Akageuza kisu, akasukuma ncha, ikazama yote. Unga mwembamba wa rangi ya tangawizi ukamwagika mkononi mwake. Mchwa. Juu ya boriti hiyo hiyo ndipo nilipopanga kuweka kasha kubwa la bamia.

Boriti imebadilishwa. Masharti aliyotuachia tumeyabandika mlango wa ngazi. Vyombo vikae kandokando ya kuta, ambako uzito unashuka moja kwa moja, katikati pabaki patupu. Tangi la maji libaki chini kiwandani, yaani uani, maana lita 1000 ni tani kamili. Na maji yanayochuruzika yasituame hata siku moja, yaende kwenye mlizamu wa kushushia maji, kwa sababu chokaa isiyokauka huharibika, na boriti iliyo chini yake huoza bila mtu kuona.

Jumapili, 20 Aprili

Siku ya mizani. Kijana aliazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza samaki. Tulikata juu dumu la mafuta ya kupikia la lita 20, tukalitoboa chini, tukalijaza udongo wa bara uliolowa maji. Kilo 33. Tukijaza madumu 24 namna hiyo tutakuwa tumeikalisha dari karibu kilo 800, na fundi hatatusamehe.

Tukachanganya upya: makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na kupondwa, sehemu 2, mbolea, sehemu 2, udongo, sehemu 1. Dumu lile lile likaja kilo 19. Makumbi ni mepesi na yanashika maji vizuri kuliko udongo wetu wa kichanga. Ila angalia yanakotoka. Tumeyachukua kwa muuza madafu, makavu. Yale yanayofukiwa pwani ili yatoe nyuzi za kamba yamelala kwenye maji ya bahari miezi mingi, na chumvi yake haitoki kwa kuoshwa mara moja.

Mbolea ni ya punda, na kwa hilo Lamu tumebarikiwa. Watoto wamezunguka na karai tangu alfajiri, na mwenye punda nyuma ya mji ametupa ruhusa ya kurundika huko huko kwake ili Nyanya asikereke na harufu.

Jumamosi, 3 Mei

Masika yameingia. Juzi usiku ilinyesha mpaka mlizamu ukawa unanguruma, na asubuhi tangi lilikuwa linamwagika. Binti amenifundisha hesabu ambayo sikuijua: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa dari yetu mvua ya milimita 10 ni lita 240. Tumefunga chandarua kikuukuu mdomoni mwa tangi kuzuia mbu.

Tumepanda mchicha, kunde za majani, bamia, spinachi, maharagwe, vitunguu, pilipili, matembele ya vipande alivyotupa jirani, na miche 6 ya mitungule. Nyanya amechukua dumu moja akaliweka karibu na mlango wa ngazi, akasema hilo ni lake na mtu asiliguse. Amepanda pilipili na kotmiri.

Jumanne, 20 Mei

Kosa letu. Hatukuwa na subira na mbolea. Rundo lilikuwa na wiki chache tu, bado la moto ndani, tukalitumia. Miche ya mchicha imeungua mizizi na kulala, na kila dumu limeota nyasi kama zulia. Punda hacheui kama ng'ombe, mbegu nyingi za majani aliyokula zinapita tumboni mwake zikiwa hai. Kinachoziua ni joto la rundo lenyewe, likipinduliwa vizuri ili kila sehemu ipate zamu ya kukaa katikati.

Tumeng'oa nyasi kwa vidole jioni tatu mfululizo. Rundo jipya tunalipindua kila Jumamosi. Mwenye punda ametuonyesha kipimo chake: chomeka kipande cha nondo katikati, kiache kidogo, kichomoe, kishike. Kikiwa cha moto hadi ukitupe, mbolea bado inapika. Kikiwa vuguvugu tu, na rundo likinuka udongo wa mvua, chukua. Anasema tuhesabu miezi 2 hadi 3.

Jumamosi, 14 Juni

Mchicha wa pili umekubali. Leo tumekata wa kwanza, siku 27 tangu kupanda, robo tatu ya kilo. Tumekata na kuacha vidole vitatu vya shina ili uchipue tena.

Paka wa mji huu wanapenda udongo laini kwa haja zao, hilo kila mtu wa Lamu analijua. Tumelaza vijiti vya mndimu vyenye miiba juu ya kila dumu. Kunguru nao waling'oa miche ya maharagwe mpaka tulipovuta nyuzi za nyavu kuukuu juu yake.

Jumapili, 6 Julai

Mvua zimepungua na tangi limeshuka nusu. Maji ya bomba hayaji kila siku, na yakija ni ya kunywa na kupikia. Baba watoto akatoa wazo ambalo sote tulilipenda: maji ya udhu. Yeye na kijana wanatawadha msikitini, lakini sisi wa nyumbani tukikinga kila udhu kwenye ndoo tunapata karibu lita 35 kwa siku. Nyanya alifurahi kuliko wote. Tumefunzwa kwamba israfu ya maji haifai hata ukiwa kando ya mto, akasema, na maji haya miaka yote yameingia shimoni bure.

Kitindamimba ndiye mwenye zamu ya kopo. Anamwagia dumu moja moja huku akiyahesabu kwa sauti.

Jumapili, 27 Julai

Maharagwe yanakufa. Nimekaa na jani moja mkononi tangu asubuhi. Katikati ni la kijani, halina tundu, halina mdudu upande wa chini. Lakini ukingo wote, kuanzia nchani, umekauka rangi ya hudhurungi, mwembamba na wenye kukatika, kana kwamba mtu amelipitisha kwenye moto wa mshumaa kwa uangalifu. Majani ya zamani ndiyo mabaya zaidi. Vitunguu vimekauka ncha vivyo hivyo.

Tumeilaumu kusi. Inapuliza siku nzima kutoka baharini na ukilamba mdomo darini unaonja chumvi. Baba watoto ameshona kiwambo cha makuti upande wa kusini.

Ijumaa, 1 Agosti

Kiwambo hakikusaidia. Madumu yaliyojificha nyuma ya makuti yanaungua sawa na yaliyo wazi. Dumu moja tu limenawiri, la Nyanya, pale pale mlangoni ambapo upepo unapita bila kizuizi. Pilipili zake zinametameta.

Nikamuuliza, Mama, hili unalipa nini?

“Maji ya kuoshea mchele,” akasema. “Yale yenu ya ndoo siyatii. Mayi yale yana munyu.”

Alikuwa anajua. Alidhani nasi tunajua. Maji ya udhu tunayateka kisima cha kiwandani, na kisima hicho ni cha chumvi. Tumeyazoea ngozini tangu utotoni hata hatuyaoni tena kuwa na ladha. Nyanya anasema alipokuwa mwari kilipikiwa chai.

Jumapili, 3 Agosti

Binti hakutaka kuamini kwa maneno. Alipanga sahani tatu za chai juu ya ukuta wa dari, kila moja vijiko 5: maji ya tangi, maji ya bomba, maji ya kisima. Siku mbili za jua. Leo sahani ya mvua ni safi, imebaki na vumbi tu. Ya bomba ina duara jembamba ambalo unaliona ukiigeuza kwenye mwanga. Ya kisima ina ukoko mweupe, mnene, unaokwaruzika kwa ukucha.

Sasa fikiria ukoko huo kila siku, kwa wiki nne, ndani ya dumu lenye kina cha mkono mmoja. Maji yanapaa, chumvi inabaki, kesho inaongezeka juu ya ya jana. Mzizi unashindwa kunywa hata kama udongo umelowa.

Nimewaeleza watoto kisima kimekuwaje, kwa kadiri ninavyoelewa. Kisiwa kimezungukwa na bahari hata chini yake. Mvua ikizama mchangani inaelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji matamu ni mepesi. Ukiteka taratibu unapata matamu. Wakiteka wengi, au kwa pampu, ile tabaka tamu inakuwa nyembamba na ya chumvi inapanda kutoka chini. Ndiyo maana vilima vya mchanga vya Shela ni roho ya kisiwa hiki. Mvua inayozama pale ndiyo tunayoitegemea, na mtu akitaka kujenga juu yake watu wa Lamu wana haki ya kupiga kelele.

Jumamosi, 9 Agosti

Mpango mpya. Ndoo ya buluu ni ya maji matamu: ya mvua, ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga. Ndoo nyekundu ni ya kisima. Kila dumu limepigwa rangi yake, hata mdogo hakosei.

Mekundu ni spinachi na kunde, ambazo zimestahimili vizuri ajabu. Zimeungua kidogo tu wakati maharagwe yaliyo jirani yamekwisha kabisa. Buluu ni pilipili, vitunguu vilivyosalia, bamia na mitungule. Maharagwe tumeyaacha kwa mwaka huu. Hata mekundu yanapata maji matamu siku moja kwa wiki, kwa wingi, mpaka yatoke matunduni, ili yaondoke na chumvi.

Na kuna jambo ambalo nalisisitiza kwa yeyote anayetumia kisima cha mji wa mawe. Mashimo ya vyoo hayako mbali na visima. Maji hayo tunayamwaga shinani, hayagusi majani, na hakuna kinachotoka kwenye dumu jekundu kinacholiwa kibichi. Kotmiri ya kachumbari inatoka kwa Nyanya peke yake.

Nyanya ametoa pia kuzi lake la udongo lililopasuka shingo. Tumelifukia ndani ya kasha la bamia, limebaki mdomo tu. Linajazwa, linafunikwa kigae, na maji yanapenya ukuta wake polepole hadi mizizini. Tunalijaza mara moja kwa siku 3, na hata adhuhuri bamia hazilegei.

Alhamisi, 18 Septemba

Wageni wa Maulidi wamejaa mji, na kwetu wamelala ndugu 5 kutoka Malindi. Jana tumewapikia wali wa nazi, samaki wa kukaanga, na bakuli kubwa la kachumbari, tungule zote za darini. Kilo moja na robo kwa mchumo mmoja! Shangazi alikula, akauliza zimetoka soko gani, na kitindamimba akamshika mkono akampandisha juu ngazi zote kumwonyesha.

Mitungule ilichanua Julai na Agosti, wakati kusi inapoleta ubaridi wa usiku. Hilo nalitia alama kwa mwaka ujao. Usiku ukiwa wa joto sana ua la mtungule halishiki, linadondoka. Mtu akipanda hapa ili ichanue Januari, atapata majani mengi na maua ya kuokota sakafuni.

Jumapili, 12 Oktoba

Kusi imekatika. Hakuna upepo, jua limesimama. Kiwambo cha makuti tumekilaza juu kama paa kwa saa za mchana. Nzi weupe wameingia kwenye mitungule. Ukigusa jani wanaruka kama unga uliopeperushwa. Tumetwanga kokwa za mwarobaini, tukaloweka usiku kucha, tukachuja, tukatia sabuni kidogo, tunanyunyiza chini ya majani magharibi ikikaribia. Wamepungua, hawajaisha. Mitungule miwili tumeing'oa.

Jumla ya daftari tangu Juni: mchicha kilo 9, kunde kilo 6 na nusu, spinachi kilo 7, matembele kilo 4, bamia kilo 5, tungule kilo 8. Pilipili za Nyanya hazijapimwa, hakubali.

Jumamosi, 8 Novemba

Vuli imechelewa, tangi lilikuwa limebaki na vidole viwili. Leo baada ya adhuhuri wingu likatokea upande wa bara, na watoto hawakungoja kuambiwa. Kijana akazibua mlizamu, binti akavuta kitambaa cha kuchujia mdomoni mwa tangi, mdogo akafunua madumu mekundu yote yalowe. Ilinyesha kama nusu saa. Tangi limepanda hadi theluthi.

Tumechagua madumu matatu mekundu yaliyokaa na maji ya kisima tangu Agosti, tukayamwagia mvua ndoo kwa ndoo, tukikinga kinachochuruzika chini. Ndoo ya kwanza ilitoa maji ya rangi ya chai nzito, ya pili mepesi, ya tatu karibu meupe. Binti amejaza sahani tatu, vijiko 5 kila moja, ameziandika 1, 2 na 3 kwa mkaa, na amezipanga ukutani pale pale pa Agosti. Nikitazama naona wingu limeshaondoka. Keshokutwa zitakuwa zimekauka.